Dakika Tano za Eino Haapala

Kila mji una mtu wake wa kusemwa. Sisi wa Osnaway tulikuwa na Eino Haapala, dereva wa treni za mizigo, na tulimsema kwa jambo moja tu: alikuwa hajui kukataa.

Dereva wa treni ana saa zake, zimewekwa na kanuni. Zikiisha anapaswa asimame palepale alipo, hata kama ni katikati ya msitu, akaze breki, atoe taarifa, asubiri gari la kampuni limletee wa kumpokea. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwongoza treni, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka huko mji mkubwa na kutazama vitaa ukutani, naye ana yake. Saa za Eino zikikaribia kuisha, sauti ilikuwa ikiita kwenye redio ya upepo: "Dakika tano tu, Eino, unitolee mkia wa treni njiani." Na Eino, mtoto wa watu, anaongeza. Tano zinazaa kumi, kumi zinazaa nusu saa, na hakuna anayeandika popote. Wenzake wakaziita dakika za Eino. Walimtania kwamba siku akifa asizikwe haraka, kwanza aitwe kwenye redio aombwe dakika tano, huenda akaamka akaendesha.

Babu yake alitoka Ufini akaja kukata miti. Baba yake alipiga nyundo kwenye gengi la reli mpaka mgongo ukagoma. Eino mwenyewe aliingia reli angali kijana wa ndevu za kuhesabika, akaanza yadini kwa kufunga na kufungua mabehewa, akapanda taratibu mpaka akakalia kiti cha dereva. Alikuwa mrefu, wa kuinama kila mlangoni, mpole, na maneno yake machache kama ya ukoo wake wote. Akamwoa Lucille, binti wa Kifaransa wa ng'ambo ya ziwa, mpishi wa shule, ambaye maneno alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili.

Ndoa ya reli ina mke mwenza, nayo ni simu. Inalia wakati wowote inapojisikia, na ikilia unapewa muda wa kunywa kahawa na kuvaa buti, basi. Kaisa, mtoto wao wa pekee, alizaliwa baba yake akiwa amesimama kwenye njia ya kupishania, kwenye baridi ya kupasua miti. Alibatizwa baba hayupo. Alicheza mchezo wake wa kwanza wa hoki baba hayupo, akamaliza shule baba hayupo. Ahadi ni deni, na Eino hakutaka madeni, kwa hiyo hakumwahidi mtoto kitu. Lucille alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ameolewa na simu, Eino ni mpangaji tu pale.

Kilichomleta Eino nyumbani kabla ya Eino mwenyewe ni honi. Kila treni ikikaribia kivuko cha mjini lazima ipige honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Kanuni ni moja, lakini mkono si mmoja, na familia za reli huijua honi ya mtu wao kama unavyojua kikohozi cha baba yako. Ya Eino ilikuwa na ile ya mwisho ya kuvutavuta, kama mtu anayepiga miayo. Lucille akiisikia anabandika kahawa, maana anajua treni ikifika yadi ya Kennet, huko mbele, mume atarudi na gari.

Na kivuko chenyewe ndicho hicho kimoja. Reli imeukata mji wetu katikati: kaskazini nyumba na shule, kusini kanisa, zahanati, maduka na ukumbi wa Wafini. Treni za siku hizi ni ndefu kuliko mji. Ikisimama, mkia umelala barabarani, na watu wa Osnaway hawana subira. Wanapenya. Mtu anakanyaga kile chuma kinachounganisha behewa na behewa, anashika hapa na pale, anarukia ng'ambo, anaendelea na safari yake ya kununua maziwa. Watoto, walimu, hata mchungaji tumeshamwona na joho lake. Askari wa reli walikuja wakatoza faini wakachoka. Eino, ambaye hakuwahi kumpiga mtu, alimzaba Kaisa kofi moja maishani, siku alipomkuta anapenya akiwa mtoto wa shule. Alimwambia treni ikianza kuvuta, yale mabehewa yanajigonga moja baada ya jingine, na chuma ulichokikanyaga kinakukimbia miguuni kabla hujasikia mlio wowote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye ghala la kuni, kwa kuwa kofi lile lilimuuma yeye zaidi.

Sasa, mwaka ule wa mgomo, kampuni ilitaka kuongeza saa za kazi na kupunguza saa za kupumzika. Wakubwa wake walikuja na michoro ya rangi kuonyesha kwamba binadamu anaweza. Chama cha wafanyakazi kikasema binadamu gani huyo, aletwe tumwone. Wakavutana kuanzia vuli, na mwezi wa Februari mgomo ukaanza. Getini pa yadi ya Kennet likawekwa pipa la moto, watu wakalizunguka kwa zamu na mabango yao, theluji magotini. Mwenyekiti wa tawi alikuwa Bernadette Cyr, kondakta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye mara nyingi ndiye aliyepanda kichwani mwa treni na Eino. Lucille alileta supu ya njegere na mkate mtamu wa iliki, akavisambaza na matusi madogomadogo juu ya wakubwa wa kampuni.

Na Eino akalala. Nataka mlielewe hilo. Mtu aliyekuwa amesinzia vipandevipande maisha yake yote alilala usiku mzima, akaamka, akala, akaenda kusimama kwenye pipa, akarudi, akalala tena. Uso ukafunguka. Lucille alitangaza dukani kwamba kumbe mumewe anakoroma, hakuwahi kuwa naye kitandani muda wa kutosha kujua. Kaisa alikuwa aolewe mwishoni mwa mwezi huohuo na Darcy, kijana wa kuzima moto wa misitu, na watu wa kazi ile huolewa na kuoa wakati wa theluji, kiangazi hawana nafasi. Jioni moja Eino alimwita binti yake jikoni akamwambia kwamba Jumamosi ile atakuwepo, atamshika mkono mpaka mbele ya kanisa. Kaisa akamtazama kama aliyesikia meza imesema. Ilikuwa ahadi ya kwanza.

Mgomo una msimu wake. Mwanzoni magari yalipita getini yakipiga honi za kuunga mkono. Baadaye gesi ya kupashia nyumba joto ikaanza kuwa haba, kiwanda cha mbao kikarudisha watu nyumbani, ngano ikalala bandarini, na baadhi ya waliokuwa wakipiga honi wakawa wanapandisha vioo. Hawakuwa watu wabaya. Mtu mwenye baridi hana chama.

Ndipo serikali ikapeleka muswada bungeni wa kuwarudisha kazini kwa lazima. Tawi zima lilijazana ofisini kwa Bernadette kutazama televisheni. Mjadala ulikwenda mchana na usiku, wabunge wakala na kusinzia hukohuko. Tulisikia uchumi wa taifa ukitajwa mpaka ukatuchosha. Usingizi wa dereva waliutaja mmoja wawili, tena wakazomewa. Ilipofika kura, waliinuka mmoja mmoja kuhesabiwa. Mbunge wetu alikuwa Gordon Pell, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Osnaway, mtu aliyemuuzia Eino misumari ya kuezekea nyumba yake. Zamu yake ilipofika aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akaunga mkono, akakaa.

"Kilichomsumbua ni kifungo tu," Bernadette alisema.

Muswada ukapita, ukaenda Seneti ukapita, ukatiwa sahihi ukawa sheria. Ilisema kila mtu arudi kazini asubuhi inayofuata. Atakayekataa, faini kila siku ipitayo, na faini yenyewe ya kumla mtu mshahara na akiba. Ya chama ndiyo usiseme. Ugomvi wenyewe ungepelekwa kwa msuluhishi aamue kwa wakati wake. Pell akahojiwa redioni akasema anawaheshimu sana wafanyakazi wa reli. Heshima gani hiyo ya kumkaba mtu kola huku unamwambia unampenda? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyelala vizuri hamjui aliyekesha.

Kwenye mkutano wa tawi wapo waliotaka wasirudi, liwalo na liwe. Bernadette aliwaacha wapige kelele mpaka zikaisha. Kisha akasema sheria ni sheria, watarudi, hawezi kuwaingiza watu kwenye faini za kuuza nyumba. Lakini akaongeza neno.

"Nimeisoma sheria yao yote. Inasema turudi kazini. Haisemi popote tuongeze hata dakika moja. Kuanzia kesho kila kanuni tunaifuata mpaka nukta yake. Na zile dakika tano zimekufa, ndugu zangu, tunazizika hapa."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama Eino. Eino akawa mwekundu mpaka masikioni, akanyanyua mkono juu, na watu wakampigia makofi kama aliyebatizwa ukubwani.

Usiku ule mezani aliwaambia Lucille na Kaisa. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya aseme kuliko kawaida yake. "Dakika tano zimekwisha. Saa zangu zikiisha, treni yangu haitikisiki, hata kama imembeba waziri mkuu na mkewe." Kaisa akacheka, akamuuliza, na harusi je? Eino akajibu kwamba ameshaomba ruhusa. Kesho yake jibu likaja: ruhusa zote zimefutwa mpaka mrundikano wa mizigo uishe. Lucille alisema maneno ya Kifaransa ambayo hata mchungaji aliyeyasikia alijifanya hajui lugha.

Simu ililia Ijumaa asubuhi. Eino na Bernadette wakapeleka treni magharibi, wakapewa vitanda kwenye bweni la kampuni ambalo hita yake inagonga kama fundi bati, na kabla hawajapata usingizi wa maana simu ikalia tena wairudishe nyingine mashariki. Eino alipiga hesabu. Wakienda vizuri, Kennet watafika kabla ya adhuhuri. Harusi saa saba. Ataoga kazini, atavaa suti aliyoitundika garini. Alimpigia Lucille simu akamweleza hivyo, kisha akaizima simu akaitia begini, kwa kuwa kanuni inakataza simu kichwani, na sasa walikuwa wanafuata kanuni zote.

Hawakwenda vizuri. Reli nzima ilikuwa imejaa treni zilizokuwa zimelala wakati wa mgomo, zote zimeamka pamoja. Walisimama hapa, wakasubiri pale. Asubuhi ikapanda, theluji ikaanza kung'aa na kuchoma macho. Eino alijipiga mashavu, akafungua dirisha baridi imkate uso, akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe. Walipokaribia Osnaway alishika honi: ndefu, ndefu, fupi, na ile ya mwisho akaivuta, akaivuta, mpaka Bernadette akamwambia bibi harusi amesikia, baba, sasa waachie na wengine masikio yao. Eino alitabasamu. Mbele kidogo ya mji, wakakuta taa nyekundu.

Yadi ya Kennet ilikuwa imejaa, hakuna pa kuwaweka. Eino alisimamisha treni. Hakuhitaji kutazama nyuma kujua mkia ulipo. Ulikuwa umelala juu ya kivuko, na nyumba yake ilikuwa upande wa kaskazini, na kanisa kusini. Lucille alikuwa ameshavuka tangu asubuhi kupasha vyakula ukumbini. Kaisa alikuwa bado nyumbani anavalishwa.

Wakasubiri. Taa haikubadilika. Na pale, wamesimama, saa zao zikaisha. Bernadette akasema tu, "Zimekwisha," akakunja mikono kifuani. Eino akatoa taarifa kwenye redio, akaomba watu wa kuwapokea. Aliyekuwa kwenye kiti cha kuzunguka siku hiyo aliitwa Preston, kijana mwenye sauti laini. Akajibu kwamba gari la kuwaletea wapokezi limekwama mbali, si chini ya saa nzima, pengine zaidi. Lakini habari njema, yadi imepata nafasi, taa itafunguka sasa hivi.

"Dakika tano tu, Eino. Nitolee mkia mjini, halafu ujisogeze polepole mpaka Kennet. Nani atajua?"

Bernadette aligeuka akatazama dirishani, kwenye miti. Mwenyekiti wa tawi, aliyezizika dakika tano kwa mdomo wake mwenyewe.

"Redio hii ina mikwaruzo leo," alisema. "Mimi sisikii kitu. Ni binti yako, Eino. Ukisogeza, mimi sikuona."

Jamani, mtu na mtihani wake. Miaka yote Eino alizitoa dakika zile kwa kampuni, bure, kama sadaka. Leo kwa mara ya kwanza zingekuwa zake. Akisogeza, kivuko kinafunguka, gari la bibi harusi linapita. Akisogeza, anafika Kennet, anavaa suti, anaendesha kama mwendawazimu na kumshika Kaisa mkono kama alivyoahidi. Asiposogeza, binti yake anasimama barabarani na gauni lake kwenye baridi, anatazama mabehewa ya baba yake. Alimwona kabisa akilini. Akaweka mkono wa kulia kwenye mpini wa breki, tayari kuiachia.

Ndipo king'ora cha mchana kikalia. Kila siku saa sita juu ya alama, kituo cha zimamoto cha Osnaway hupiga king'ora, mji mzima huweka saa zao kwacho. Kilikuja kwa mbali, juu ya miti. Eino alishtuka mwili mzima. Mkono ulikuwa bado kwenye mpini. Taa mbele yake ilikuwa kijani, na yeye hakuiona ilipobadilika.

"Nimekuita mara ngapi?" Bernadette alikuwa amesimama, amemshika bega. "Eino. Macho umefungua lakini haupo."

Eino akauliza kama wamepita lile daraja la chuma la upande wa magharibi. Bernadette akamwambia wamelipita zamani. Eino alijaribu kulikumbuka lile daraja, yale maji meusi chini yake, ile kona ya baada yake ambayo lazima upunguze mwendo. Hakukuwa na kitu. Alilipita amelala, na treni nzima nyuma yake. Wahenga walisema usingizi ni ndugu wa mauti, na Eino aliwasikia ndugu wawili hao wamekaa naye mle ndani. Akautoa mkono kwenye mpini, akaulaza pajani.

"Saa zangu zimekwisha," alisema kwenye redio. "Sisogei."

Sauti laini ikapoteza ulaini wake. Preston akamuuliza kama anajua kuna sheria mpya.

"Naijua. Na ile ya zamani bado ipo."

Kwa neno hilo alikuja kusimamishwa kazi bila malipo, na alipoulizwa kwenye baraza la nidhamu sababu ya ukaidi ule alijibu kwamba alikuwa amechoka, wakaandika kwamba hana sababu. Msuluhishi naye, baada ya miezi mingi ya kusoma makaratasi, aliziacha saa za kupumzika kama zilivyokuwa. Hayo yalikuja mbele. Siku ile Eino alikaa tu. Kutoka mjini zilianza kusikika honi za magari kwenye kivuko, moja, halafu nyingi. Bernadette alitaka ashuke atembee hadi kwenye kivuko, afungue mabehewa pale, barabara ipitike. Eino alimkatalia. Theluji ilikuwa kiunoni, mwendo mrefu, naye alikuwa amechoka kama yeye. Akianguka huko nani atamwokota? Basi wakakaa wawili hao, na saa saba ikafika ikawapita.

Gari la kampuni lilipofika, wapokezi walikagua treni wakaondoka nayo. Dereva wa gari alimshusha Eino mbele ya ukumbi wa Wafini. Suti ilikuwa Kennet. Aliingia na nguo za kazi, akavua buti zake za grisi mlangoni kama wanavyovua wote, akasimama kwa soksi.

Kanisani walishamaliza. Watu walikuwa wanakula, na vijiko vilipungua mlio alipoonekana. Aliyajua macho yale. Yalikuwa yanasema, huyu ndiye aliyemwacha binti yake barabarani kwa ajili ya ubishi wa chama. Gordon Pell naye alikuwepo, maana mbunge hakosi penye sahani. Akanyanyua glasi. "Eino bwana, sheria yetu imekurudisha kazini, lakini naona haikukufikisha harusini." Waliokaa naye wakacheka. Eino akampita. Akaenda kwa Lucille jikoni, na Lucille hakugeuka kutoka kwenye sinia.

"Ulikuwa mbele pale tu," alisema. "Mbele pale tu, Eino. Nenda kwa mwanao, mimi usiniguse sasa hivi."

Kodiani ilikuwa imeanza, na ilikuwa zamu ya baba na bibi harusi. Kaisa alikuja mwenyewe akamvuta mkono mpaka katikati ya ukumbi. Alikuwa anacheka, mashavu mekundu. Eino alimwambia asimshike, ananuka dizeli, Kaisa akamshika vilevile. Wakazunguka mara moja, taratibu, baba kwa soksi. Hapo ndipo alipouona mstari. Ulianzia kwenye nyonga ukashuka mpaka goti, mweusi, mnene, kwenye kitambaa cheupe. Mtu mwingine pale ukumbini angeweza kudhani ni tope. Eino aliijua ile grisi tangu ujana wake.

"Umevuka vipi?" aliuliza.

"Nimepenya, baba. Darcy alikuwa ng'ambo ananipa mkono." Akamkonyeza. "Leo usinizabe kofi, watu wanatazama."

"Saa ngapi?"

"King'ora kilipolia. Nilikuwa nimesimama juu ya kile chuma chenu, gauni limenasa, halitoki mbele halirudi nyuma. Kile king'ora nusura kiniangushe. Tumehangaika nalo mpaka likaachia."

Eino alikuwa amesimama. Kodiani iliendelea bila wao. Akamuuliza kwa sauti ndogo kama hakuogopa.

"Niogope nini? Nilisikia honi, nikajua ni wewe. Nikaona umesimama muda wote ule, nikajua saa zako zimekwisha. Si ulisema mwenyewe mezani? Nikawaambia, ingekuwa treni ya mtu mwingine nisingethubutu. Ya baba haitikisiki."

Eino akamshika binti yake mabega, akalia. Alilia mbele ya mbunge na mbele ya mji wote, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alikaza uso. Lucille alitoka jikoni na sinia mkononi. Kaisa alimpangusa baba yake uso kwa kiganja, akamvuta kichwa chini mpaka kikafika begani pake, akamnong'oneza.

"Usilie, baba. Ndiyo, umechelewa. Lakini nimekusamehe."

Mkono wa kulia wa Eino ulikuwa mgongoni kwa Kaisa. Alitaka kumwambia mkono ule ulikuwa wapi king'ora kilipolia. Akamtazama alivyofurahi, akaona hana la kumwambia isipokuwa moja.

"Ahsante, mwanangu," alisema, na wakaendelea kucheza.